Fundi, Kompyuta na Kitambaa cha Agneta

Kabla ya kugusa kompyuta, fundi huyu huvua saa, huitia mfukoni, kisha huigusa mashine kwa mgongo wa mkono kama anayepima homa ya mtoto. Mwaka wa 1978 aliitwa katika ofisi moja ya pamba hapa Kisumu. Kompyuta yao mpya ilizimika kila alasiri, na meneja alikuwa ameapa kumfukuza anayeiharibu. Fundi aliikuta imefunikwa kama redio ya sebuleni, kwa kitambaa alichofuma karani, Mama Agneta, matundu ya hewa yamezibwa. Agneta akainamisha kichwa. Fundi akakitoa kitambaa polepole, akafunikia vikombe vya chai. Meneja akaingia, akauliza ni nani anayeiharibu.

“Ni joto la Kisumu, Bwana,” fundi alisema, akivaa saa yake. “Halina mwenyewe.”