Tarehe ya Shule, Tarehe ya Mama

Saa moja kamili asubuhi, Jumatano. Vatsala Jagtap amesimama mbele ya mlango wa nyumba ambayo si yake, saa ya mkono ameivua na kuishika kiganjani. Sari yake ya kijani imeshalowa jasho mgongoni, na jua hata halijakolea.

Nyumba ni mpya, vyumba vitatu na jiko, nje kidogo ya mji wa Wai. Rangi bado inanuka. Juu ya mlango limetundikwa shada la maua ya njano, na kizingiti kimepakwa manjano na kupambwa kwa unga mweupe. Watu kama thelathini wamejaa uani, na hakuna hata mmoja anayethubutu kutia mguu ndani.

"Bado dakika nne," anasema Vatsala. "Sindhu, mumeo yuko wapi?"

Sindhu Bhilare, mama mwenye nyumba, amekumbatia mtungi wa shaba uliojaa maji, nazi imekaa mdomoni mwa mtungi. Nazi inacheza kila anapogeuka kutazama barabara. "Hapokei simu, Kaku. Akiwa anaendesha huwa hapokei."

"Ala! Leo ndiyo amekumbuka sheria za barabarani?"

Watu wanacheka kidogo tu. Wanajua kilichopo. Saa njema ya kuingia nyumba hii inafunguka saa moja na dakika nne na kufungwa saa moja na dakika ishirini na sita. Ikipita hiyo, kitabu cha falaki hakina nafasi nyingine mpaka Novemba, mvua ziishe na sikukuu ya taa ipite. Na chumba ambacho akina Bhilare wamepanga kwa miaka kumi na tisa wanatakiwa kukirudisha Jumamosi hii.

Shivram Bhilare, mwenye nyumba, ni dereva wa lori la maziwa. Jumatano ni siku ya kazi, na ng'ombe hawajui habari za falaki. Aliondoka saa tisa alfajiri akaahidi kurudi saa kumi na mbili na nusu. Mpaka sasa hajaonekana, si yeye wala vumbi la lori lake.

"Akichelewa, kosa litakuwa langu," anasema Vatsala, bila kuyatoa macho kwenye ile saa. "Si la lori."

Mtaa mzima unamwita Kaku, mama mdogo. Ana miaka sitini na mitatu. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa karani wa shule ya msingi, kisha akaenda Pune kusomea ukuhani kwenye darasa la wanawake. Aliporudi na vitabu vyake, kuna wanaume waliomwambia wazi kwamba mwanamke akisoma mantra, yale maneno matakatifu ya ibada, maziwa yataganda.

"Nikawajibu, vizuri, tutakula mtindi," anakumbuka.

Kazi yake kubwa ni kupiga falaki, kuwatafutia watu saa njema ya harusi, ya kufungua duka, na zaidi ya yote ya kuhamia nyumba. Kwa kutafuta saa hupewa rupia mia mbili na moja. Kwa ibada nzima, pamoja na moto wa kafara, hupata elfu tatu. Miezi minne ya mvua hakuna anayehamia nyumba, na hapati kitu. Hapo huishi kwa pensheni yake na ya mumewe, Eknath, kondakta mstaafu wa basi ambaye siku hizi ndiye mbeba mkoba wake.

Ili kuchagua saa, Kaku hulinganisha mwezi ulipo angani na mahali ulipokuwa siku mwenye nyumba alipozaliwa. Kuna mahali mwezi ukisimama, hesabu ya nane kutoka pale ulipokuwa siku ile, mtu haanzi jambo lolote jipya. Hata kununua ndoo huahirisha.

Shivram alimtumia picha ya kitambulisho chake kwa simu. Alizaliwa tarehe moja Juni. Kaku akapiga hesabu, akatoa Jumapili. Siku nzuri, ndugu wa Mumbai wako mapumzikoni, saa nzima na robo ya kuingilia bila haraka. Kadi mia mbili zikachapishwa. Turubai likakodiwa.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo Kaku alikwenda kukabidhi orodha ya vitu vya ibada. Akamkuta mama yake Shivram, Bhagirathi, mwenye miaka sabini na saba, anapembua mchele kwenye ungo. Wakapiga soga. Bibi akaanza kusifu nyumba.

"Na huyu mwenye nyumba nilivyomzaa kwa tabu! Mvua inanyesha, paa linavuja, na baba yake hayupo, kaenda sokoni kununua rangi ya pembe za fahali."

Kaku aliishika kalamu isianguke. Pembe za fahali hupakwa rangi siku moja tu kwa mwaka, sikukuu ya Pola, mwishoni mwa Agosti. Juni mosi huko hakuna mvua, kuna joto la kumkausha mjusi.

"Mama, alizaliwa lini hasa?"

"Siku mbili kabla ya Pola. Wakati wa kuwasha taa."

"Na hii Juni mosi?"

"Hiyo ya mwalimu," alisema bibi, akipuliza pumba. "Alimwandika hivyo ili aingie shule mwaka ule ule. Darasa zima lilizaliwa Juni mosi. Nilisema nina wanawake wenzangu wenye bahati, wote wamejifungua siku moja!"

Bibi alicheka sana. Kaku hakucheka. Alirudi nyumbani, akafungua kitabu, akahesabu mara tatu. Mara zote tatu jibu lilikuwa lile lile. Jumapili, kwa mtu aliyezaliwa siku mbili kabla ya Pola mwaka ule, mwezi ungekuwa umesimama hapohapo pa nane.

"Niliona aibu, wacha nikwambie," anasema. "Mimi ndiye karani. Kila mwaka watoto walikuja na mama zao, na mimi kwa mkono wangu niliandika Juni mosi, Juni mosi, mpaka kidole kikaota sugu. Mwalimu wetu kule Pune swali lake la kwanza lilikuwa: tarehe ya shule au tarehe ya mama? Watu wote nawauliza. Huyu sikumuuliza, kwa sababu ilikuja picha na ina muhuri wa serikali."

Eknath alimwona mkewe anazunguka sebuleni. Alipoambiwa kisa, akamuuliza taratibu, "Vatsala, nani atajua?"

"Mimi."

"Basi kamwambie. Maana usipomwambia, mimi ndiye sitalala."

Ijumaa asubuhi alikwenda. Shivram alikuwa anaosha lori. Alimsikiliza mpaka mwisho, mpira wa maji unamwagika miguuni pake.

"Kaku, unanitania."

"Sikutanii, mwanangu."

"Kadi mia mbili! Ndugu wamekata tiketi! Nina miaka hamsini na nne, kila Juni mosi nakatiwa keki, leo unaniambia sikuzaliwa?"

"Ulizaliwa. Sikuuliza lini."

"Mwendo wa mwezi unaujua, kuuliza hujui? Kuuliza si ujinga, Kaku, hata mtoto wa chekechea anajua!" Alifunga bomba kwa nguvu. "Tufanye hivi. Wewe hukusikia, mimi sikusikia. Jumapili tunaingia."

"Natamani ingewezekana. Mimi nimeshasikia."

"Basi nitamtafuta mwingine. Mwanaume."

Maneno yale yalimwingia, hakatai. Alirudi kwa miguu, na njiani aliona kila aliyemsalimia ameshapata habari. Mchana wa siku ile ile Shivram alimpata kuhani mwingine, wa mtaa wa ng'ambo ya mto. Huyo hata kitabu hakufungua. Alisema Jumapili ni njema tu, aletewe elfu tano.

Jioni ile, kwa maelezo ya Sindhu, palikuwa hapakaliki. Shivram alitangaza kwamba shughuli iko palepale. Mama yake akaweka kikombe cha chai chini.

"Mimi siingii Jumapili."

"Aai, mama yangu, usinianzie na wewe."

"Siingii. Ingieni ninyi na kuhani wenu wa elfu tano."

"Ni tarehe tu, Aai!"

"Kwako ni tarehe tu, maana hukuwepo. Ah, ulikuwepo, lakini ulikuwa unalia." Bibi alipandisha sauti, jambo ambalo Sindhu anasema hajawahi kulisikia tangu aolewe. "Uchungu ulikuwa wangu. Miaka hamsini na nne hakuna aliyeniuliza. Mwalimu hakuniuliza, serikali haikuniuliza, wewe mwenyewe hukuniuliza. Leo ameniuliza mtu, nikamjibu, halafu mnataka jibu langu mlitupe?"

Shivram aliinuka. Alitoka, akakaa kwenye lori lake. Aliporudi alimwambia mkewe, "Mpigie Kaku. Muulize kama kuna siku nyingine yoyote. Yoyote."

Ilikuwepo, lakini nyembamba. Jumatano ile mwezi ungekuwa umehama na kukaa pema. Kulikuwa na nuksi ya alfajiri iliyokwisha saa moja na dakika nne, na nyingine iliyoanza dakika ya ishirini na sita. Katikati, dakika ishirini na mbili. Kitabu hakikuiandika kwenye orodha ya siku za kuhamia kwa sababu hakuna mwenye akili anayealika watu kwa dakika ishirini na mbili.

Ndugu wengi wa Mumbai wamekosa. Turubai limehamishwa siku kwa tabu. Tajiri wa Shivram amekataa kumpa ruhusa, akasema Jumapili alishaombwa akatoa, ruhusa si karanga za kugawa kila siku.

Sasa ni saa moja na dakika kumi na tano, na lori halijafika.

"Kaku, si niingie mimi na mtungi, yeye atafuata?" Sindhu anauliza. Machozi yako karibu.

"Wawili ndio nyumba, mwanangu. Subiri."

Dakika ya kumi na nane. Mzee mmoja uani anasema kwa sauti ya kusikika kuwa Jumapili watu wangekuwa wameshashiba. Eknath anamgeukia, "Baba, njaa yako haina nuksi, itakungoja." Kaku midomo inamchezacheza, anasoma dua kimyakimya, na kidole gumba kinasugua kioo cha saa.

Dakika ya ishirini na moja. Honi inasikika barabarani, ndefu, isiyokatika. Lori linaingia na vumbi lake na kusimama nusura lichukue nguzo ya turubai. Shivram anaruka chini na sare yake, kifua kimelowa maziwa, mkononi dumu dogo.

"Foleni ya kupimia! Mizani imekufa! Nimeondoka na lori la watu bila ris..."

"Viatu!" Kaku anapiga kelele. "Vua viatu, risiti baadaye!"

Kiatu kimoja kinatoka. Cha pili kamba imekaza. Shivram anaivuta, fundo linazidi kukaza. Dakika ya ishirini na tatu. Bibi Bhagirathi anainuka kwenye kiti chake cha plastiki, anapiga magoti kwa shida mbele ya mwanawe wa miaka hamsini na nne, na kufungua lile fundo kwa meno.

"Mguu wa kulia," anasema Kaku. "Kulia, wote wawili. Sasa."

Wanavuka. Nazi ya baraka inapasuliwa kizingitini. Saa kiganjani mwake inasema saa moja na dakika ishirini na nne. Kaku anaegemea ukuta wenye rangi mbichi na kulia waziwazi. Sari ya kijani inapata doa jeupe ambalo mpaka leo halijatoka.

Jikoni, maziwa ya lile dumu yanabandikwa motoni yachemke mpaka yafurike, kama desturi inavyotaka, neema ijae nyumbani. Hayakuganda. Shivram anayatazama, halafu, bila kumgeukia mama yake, anauliza, "Aai, wakati wa kuwasha taa, kabla au baada?"

"Baada kidogo," anajibu bibi. "Niliiona sura yako kwa ile taa."

Kaku hana uhakika kama mwezi una meno ya kumng'ata mtu. Anasema hivyo bila kuficha. "Ninachojua ni kwamba mtu ataweka kichwa chake pale miaka yote iliyobaki kwa sababu mimi nilimwambia ni salama. Sasa nimwambie uongo, nami nijue ni uongo?"

Kuanzia sasa, kabla hajafungua kitabu, anataka kuzungumza na mama wa mwenye nyumba. Kama mama hayupo, shangazi. Kama hakuna mtu, husema wazi kwamba atachagua siku kwa herufi ya jina, na bei hupungua.

Tena ana mpango. Amenunua daftari kubwa la mistari, jalada jekundu. Miezi hii minne ya mvua, isiyo na kazi wala kipato, anataka kupita nyumba kwa nyumba kwa mama wa wale watoto aliowaandika shuleni, na kuwauliza upya mmoja mmoja, walizaa lini, kulikuwa na mvua au joto, nani alikuwepo. Anakadiria majina mia nne. Kina mama wa watoto wa miaka ya mwanzo wanakaribia au wamepita miaka sabini, kwa hiyo ana haraka. Jina la kwanza kwenye daftari, ingawa huyo hakumwandika yeye, ni la Shivram Bhilare.

Na yeye mwenyewe Kaku, alizaliwa lini?

Anafunga daftari na kulitia mkobani.

"Juni mosi," anasema. "Mama yangu alifariki mwaka niliopata kazi ya ukarani. Tuliishi nyumba moja miaka yote kabla ya hapo, na sikuwahi kumuuliza."