Nyumba Isiyo na Kiti

Haya yalinipata mimi mwenyewe, jikoni kwangu, huku Kabras, alasiri ya mvua, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Nayasema hayo mapema kwa sababu najua kazi yangu inanisaliti. Mimi ni mtunzi wa riwaya. Nimekula kwa uongo miaka mingi, na mtu wa namna hiyo akikuambia kuwa jambo ni la kweli, una haki ya kucheka. Cheka basi, umalize, halafu unisikilize. Ila jina la mtu mmoja katika kisa hiki sitaliandika, na ukifika mwisho hutaniuliza sababu.

Kwanza ujue ninavyowaumba watu wangu. Wako watunzi wanaoanza na kisa. Mimi huanza na jina. Nilijifunza kwa kina mama wa kwetu. Huku mtoto mchanga hupewa jina la mmoja wa watu wa ukoo waliotangulia, na akilia bila kukoma, hana homa wala tumbo, watu husema kuna marehemu anayetaka kuitwa. Basi mtu mzima hukaa naye akitaja majina ya wafu, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalinyamazia ndilo lake. Nami nikiwa na hadithi isiyotulia kichwani, hutembea kando ya miwa nikitaja majina kwa sauti mpaka moja likae. Watu wa hapa wamezoea kunisikia nikiongea peke yangu. Huniita mwalimu, na wanasema mwalimu alisoma akapitiliza.

Jina likikaa, mtu huja nalo. Humwazimia mwendo wa fundi wa baiskeli, kikohozi cha jirani, nikampa kitu kimoja cha kumshangaza msomaji na haja moja ya kumnyima usingizi. Kisha namjengea mahali pa kuishi. Hapo ndipo nilipokuwa nikijivunia, maana mimi sijazi chumba. Naweka dirisha, naweka sufuria, basi. Mengine msomaji atajiwekea. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kuandika nimewachosha kwa neno hilo moja: punguza.

Sasa, kuna jina lilinijia nikitembea hivyo, na nikadhani nimelibuni. Lilikaa mara moja, bila ubishi, nami nikafurahi. Mwenye jina nikamfanya kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye skafu shingoni hata jua likiwaka. Nikamjengea nyumba ya udongo katikati ya miwa, yenye mlango wa bluu. Ndani sikuweka kiti. Nilitaka msomaji auone upweke wake bila mimi kuutaja. Mhariri wangu alipiga simu kunisifu kwa hilo tu.

Wakati huohuo mjukuu wangu akaanza kulia.

Mwanangu anafanya kazi Lumakanda kwenye ghala la mahindi, na mke wake, Nekesa, anaishi kwangu na mtoto. Mtoto alikuwa na jina la ubatizo tu, la ukoo bado. Alilia mpaka sauti ikakauka, akawa analia bila sauti, mdomo wazi. Hospitalini walimpima wakasema hana kitu. Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, ambaye sote humwita Senje, akaanza kutaja majina. Alitaja wazee nisiowajua. Alitaja hata jina la baba yangu, ambalo kimoyomoyo ndilo nililotaka. Mtoto akazidi. Alikuwa anakonda tukimwangalia, na niliogopa kwamba tutamzika. Je, niliwahi kufikiri kwamba kilio chake na kitabu changu vilianza pamoja? Hata kidogo.

Siku hiyo Senje alikuwa kanisani kwenye maombi ya kina mama, na Nekesa alikuwa ameenda Malava kutafuta dawa nyingine. Nikabaki na mtoto jikoni, karibu na moto, kompyuta mezani, nikijidanganya kuwa nitaandika. Mvua ikaja kama ijavyo huku, kwa hasira na mawe. Stima ikapotea. Palikuwa na giza kidogo, lakini ulikuwa bado mchana. Niliona mabati ya jirani, niliona miwa ikilala kwa upepo.

"Hodi hapa," mtu akasema.

Nikajibu karibu kabla sijageuka. Ndivyo tulivyolelewa. Nikageuka nikamwona mlangoni, kijana wa miaka thelathini hivi, skafu shingoni. Mvua ilikuwa inapiga nyuma yake kiasi cha kuuficha ua mzima, naye alikuwa mkavu. Shati kavu, viatu vikavu, na vumbi juu ya viatu. Niamini, hicho ndicho nilichokiona kwanza, lile vumbi.

"Mjukuu wangu," akaniambia, mimi mzee mwenye mvi, "nimechoka kusimama."

Nikamwonyesha kigoda kando ya moto. Hakukitazama.

"Hicho ni chako. Mimi nakaa kwa ile nyumba ulinijengea, na haina kiti. Kila siku nasimamanga tu. Hukuniwekea moto, hukuniwekea blanketi. Kuna dirisha na sufuria. Mtu atakaa kwa sufuria?"

Hakupandisha sauti. Alilalamika kama mpangaji anayemwambia mwenye nyumba kuwa paa linavuja, na upole wake ulinitisha kuliko kelele. Nilijaribu kujiambia kwamba ni mmoja wa vijana wangu wa uandishi aliyesoma kurasa zangu na kuja kunitania. Lakini kurasa zile hakuna aliyezisoma ila mhariri, naye yuko Nairobi.

"Na mlango umeukosea," akaongeza. "Ulikuwa wa kijani. Baba ndiye aliupaka."

Mtoto alikuwa analia muda wote huo mikononi mwangu. Yule mtu akamwangalia kwa muda mrefu. Akaingia hatua moja.

"Kama wewe huwezi kunipa pa kukaa," akasema, "huyu anaweza."

Akainama kidogo, akalitaja jina lake. Lile nililodhani nimelibuni.

Mjukuu wangu akanyamaza.

Wewe uliyekulia kwetu umeshaelewa. Kwa mgeni nitaeleza: mtoto akinyamaza namna hiyo, amekubali. Tulikuwa tumekesha tukiuomba ukimya huo, na sasa ulipokuja nilitamani kupiga mayowe. Mtoto alimtazama yule mtu kwa utulivu, macho makavu, na mwili wake ukaanza kupoa mikononi mwangu. Nikataja jina la baba yangu. Nikalitaja tena, nikalitaja kwa kulia. Mtoto hakugeuza hata jicho.

Ningefanya nini? Kuomba niliomba, lakini maneno yalinichanganyika. Nikakimbilia kitu pekee ninachokijua. Nikamlaza mtoto mapajani, nikavuta kompyuta iliyokuwa bado na chaji kidogo, nikaandika kwamba ndani ya nyumba ile palikuwa na kiti. Nikasikia, "Cha aina gani?" Nikaandika kiti cha mti, chenye mgongo, kilichotengenezwa na fundi wa Sigalagala. Nikaandika kwamba mwenye nyumba alirudi jioni amechoka, akakaa.

Akakaa. Usiniulize alikalia nini. Mahali pale jikoni kwangu hapakuwa na kitu. Alijishusha taratibu, akaegemea mgongo nyuma, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetoka shambani. Kisha akanyoosha mkono kuilegeza skafu, nami nikafumba macho. Sikutaka kuona kilichokuwa chini yake.

Nilipoyafumbua, mlangoni palikuwa na mvua peke yake. Na mtoto alikuwa analia, kwa sauti, tena sauti ya njaa. Nikamwita kwa jina la baba yangu. Akapunguza, akapiga kwikwi, akanyamaza, akaanza kunyonya kidole changu. Nililia pale kama mtoto mwingine.

Senje aliporudi nilimweleza. Nilipofika kwenye jina, akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Hilo jina ulilitoa wapi?"

Nikamwambia nilidhani nimelibuni.

"Hukubuni. Ni ndugu ya babu yako. Babu yako alikuwanga anamwita usingizini, na wewe ulikuwa mdogo, ulilalanga kwake." Akatazama mlangoni kabla ya kuendelea. "Alijinyonga ndani ya nyumba yake, akiwa kijana. Mtu akijitoa hivyo hatuitanga mtoto kwa jina lake. Nyumba wakaibomoa, wakapanda miwa juu. Mlango ulikuwa wa kijani. Mimi mwenyewe nilichezea zile mbao."

Sikumwambia habari ya skafu.

Hayo yamepita, mjukuu wangu anatembea, ananenepa, na anaitika kwa jina la baba yangu. Ungedhani yameisha. Lakini nikikaa siku chache bila kuandika, mvua ikianza alasiri, mtoto huacha anachocheza na kutazama mlango wa jikoni. Hapo Nekesa huniangalia, nami huenda mezani. Nimempa mtu yule moto na blanketi. Nimempa obusuma, ugali wa kwetu, na kuku, na chai yenye maziwa. Mlango nimeupaka kijani. Mhariri amelalamika kwamba kitabu kimejaa vyombo kama duka, na kwamba hakiishi. Siku moja nilijaribu kukimaliza. Niliandika neno la mwisho, na kabla sijaondoa mkono nikasikia mtoto chumba cha pili amenyamaza katikati ya kicheko. Nililifuta neno lile mbio.

Ndiyo maana nakuambia wewe unayeandika, au unayetaka kuanza: watu wa hadithi usiwaite ovyo. Kabla hujampa mtu jina, liulize kwanza nyumbani, kwa wale wanaokumbuka. Na ukishampa mtu nyumba, tafadhali, mwekee kiti.

Mimi nina miaka yangu, nami siwezi kuandika milele. Hilo linanitisha kuliko kifo chenyewe, kwa sababu yule mtu bado hajatosheka. Msimu uliopita alitaka mke, nikamwandikia mke mpole. Sasa mvua zimerudi, na jana alasiri, nikiwa mezani, nilisikia sauti ile ya upole nyuma ya kiti changu.

"Mjukuu wangu," ilisema, "mke wangu amejifungua mtoto wa kiume. Analia sana. Tumemtajia majina yote ya wafu na hanyamazi. Sasa tunaanza kutaja ya walio hai."