Kibuyu Kilichopanda Jabalini

Nikisikia harufu ya mkaa wa mti wa senetwet, ule tunaosugulia vibuyu kabla ya kutia maziwa, nazikumbuka ngazi za mawe. Zilichongwa na watawa wa zamani, zikapanda hadi monasteri yao juu ya jabali, kule msitu wa Kaptagat unakokatika ghafla na bonde kufunguka chini. Watu wa kwetu Kiplombe walikwenda huko kusali, na kushangaa jinsi mawe mazito vile yalivyofikishwa juu. Mimi nilipanda mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, wala sikwenda kushangaa mawe. Nilikwenda na Kogo, nyanya yangu, kumfuata jirani yetu.

Ilikuwa baada ya uchaguzi ule uliogombanisha makabila. Mama Njeri, fundi wa nguo ambaye ua wake ulipakana na wetu tangu kabla sijazaliwa, alikuwa amechomewa nyumba na vijana wa kwetu, wale wale ambao sare zao za shule alizishona yeye. Watawa walimpa chumba, yeye na binti yake. Kisha tukasikia kwamba angeondoka na lori, asirudi tena. Kogo alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kufanya kazi. Alikamua, akagandisha mursik, maziwa yetu ya mgando, kibuyuni, na siku zilipotimia akajifunga kibuyu mgongoni kwa leso, mchana kweupe, tukatoka. Vijana walikuwa wamekaa kando ya barabara. Mmoja akauliza, "Kogo, hiyo maziwa unapelekea nani?"

"Napelekea mwenye alikushonea suruali," Kogo akamjibu bila kusimama. Kijana aliangalia viatu vyake, na mimi nikatembea nimeinua kichwa kama mtoto wa chifu.

Siku hizo watu walikuwa wameacha kula kwa wenzao. Kila sufuria ilishukiwa sumu. Lakini kwetu anayeleta mursik huionja yeye kwanza, mbele ya anayempelekea, na Kogo alitegemea desturi hiyo tu. "Akikunywa, atarudi," aliniambia. "Akikataa, basi tumempoteza."

Chini ya ngazi, magoti yakamshinda, akanipa kibuyu nikibebe. Nilivyoogopa kumwaga, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikapanda nikikirusharusha mgongoni. Kila mtoto wa kwetu hufundishwa kwamba mursik ikitikiswa lazima iachiwe pa kupumulia. Mimi nilisahau.

Mlango ulifunguliwa na bruda mzee mwenye ndevu nyeupe. Mama Njeri alitoka, akasimama mbali, mikono ameifumbata, asitusalimu. Kogo akavuta kifuniko. Kikaruka kwa mlio, na mursik ikamrukia Kogo usoni, kwenye kitambaa chake cha Jumapili na kwenye ndevu za bruda. Nilitamani jabali linimeze. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitarajia kabisa.

"Woi, Mama! Hata maziwa yako imekukataa!" Mama Njeri alikuwa anacheka, ameshika mbavu, na machozi yanamtoka. Sijui yalikuwa ya kicheko au ya yale mengine.

Kilichobaki hakikujaza kikombe. Kogo alikunywa nusu, uso wake ukiwa bado unadondosha, akamnyoshea kikombe. Mama Njeri aliikunjua mikono, akakipokea. Halafu akanywa mpaka chini.

Lori liliondoka bila yeye. Mvua zilipokwisha alirudi Kiplombe, na mtu wa kwanza kushika nguzo ya nyumba yake mpya alikuwa Kogo. Nimesoma, nimefundisha, nimeona watu wakubwa wakishangiliwa, lakini sijaona wa kumlinganisha na nyanya yangu, na nasema hivyo bila aibu.

Siku hizi lami inafika hadi chini ya jabali, na wageni hupiga picha kwenye ngazi. Wanaelezwa habari za watawa na mawe yao. Habari za Kogo hakuna anayezijua, naye tulishamzika. Mwaka jana Mama Njeri, naye sasa mzee, aliniomba nimpeleke huko juu. Alikuja na kibuyu cha mursik aliyoigandisha mwenyewe, nikakibeba mimi. Katikati ya ngazi akasimama, akapumua, akaniangalia.

"Mwalimu, umelegeza kifuniko?"

Nikalegeza. Tulipofika juu akamimina, akaonja yeye kwanza, kisha akaninyoshea kikombe.