Mashahidi wa Neno Tai

Katika Ofisi ya Kamusi, ghorofa ya tatu, alifanya kazi mwanamke mmoja ambaye hata marehemu mumewe alizoea kumwita Bi Kadi. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kejeli, mwaka ule alipoajiriwa kupiga chapa, walipomwona anavyozifuta vumbi kadi za maneno kana kwamba zitaamka na kulia. Kejeli ikaisha, jina likabaki. Miaka thelathini na moja baadaye yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa kadi zote, laki mbili na ushee, katika makabati ya mbao yaliyogusa dari. Funguo zake zilikaa kiunoni, na alikwenda nazo hata msalani.

Kadi moja ina nyuso mbili. Mbele huandikwa neno, lugha, maana na asili yake. Nyuma huandikwa shahidi, yaani yule mtu aliyelisema, jina lake, kazi yake, anapoishi, na tarehe. Kadi isiyo na shahidi, ofisi ile iliita uvumi na kuitupa. Hakuna aliyerudi baadaye kusahihisha nyuma ya kadi. Mtu akihama au akifa, kadi haina habari naye. Bi Kadi aliishika kanuni hiyo kuliko hao waliomfundisha, na akiletewa neno lisilo na mwenyewe alikunja uso siku nzima.

Neno lake la moyoni lilikuwa tai. Alianza nalo kwa sababu ndogo sana. Mhariri Mkuu alimtuma achunguze kama tai ndege na tai ya shingoni wana undugu. Hawana. Yule wa kwanza ni wetu tangu zamani, wa pili kaletwa na Kiingereza akaja kukaa shingoni mwa makarani. Mtu mwingine angeandika kadi mbili akaenda kula. Bi Kadi akamkamata baharia mpitaji, Mmaori, akamuuliza kama kwao liko, akaambiwa tai ni bahari. Hapo ndipo alipopagawa. Kila mgeni aliyemwona mjini alimvuta shati. Kwa Wafini, tai ni “au”. Kwa Wajapani ni samaki. Kwa Waromania ni “unakata”. Kwa Wamalei ni mavi, na kadi hiyo aliipiga chapa mlango ukiwa umefungwa, akicheka peke yake. Mpishi mmoja kutoka Thailand alimwambia kwamba kwao, ukilivuta kidogo, ni kufa, akamwomba asimtajie tena asubuhi kabla hajala.

Kwa Wavietinamu ni sikio. Shahidi wa kadi hiyo alikuwa fundi saa, mtu mfupi mwenye utani mwingi, aliyekuja mjini akiwa kijana na hakuondoka tena. Bi Kadi alimpenda kwa ajili ya neno lake; mdogo wake Bi Kadi, aliyemsindikiza dukani siku ile, akampenda kwa mengine, na mwaka haukuisha wakaoana. Kuanzia hapo fundi akawa shemeji. Akimwona Bi Kadi anaingia, alishika masikio yote mawili na kumuuliza kama leo amekuja kuchukua la kulia au la kushoto.

Kadi za tai zilifika mia moja na nne, zikijaza droo nzima, kwa kuwa kila maana aliitafutia mashahidi wengi. Ofisi ikatoa kijitabu kidogo juu ya maneno yanayofanana yasiyo na undugu, na gazeti likaja kumpiga picha. Alisimama mbele ya droo iliyovutwa, ameshika kadi, anatabasamu. Chini waliandika kwamba mama huyu ana majina na makazi ya wageni wa mji mzima. Ilikuwa chumvi ya gazeti tu, lakini ilimpendeza, akaibandika picha ukutani.

Miezi minne baadaye likatoka tangazo. Wageni wasio na kibali kipya wajiandikishe wenyewe kabla ya mwisho wa mwezi, wapelekwe walikotoka. Vibali vipya vilikuwa havitolewi kwa miaka miwili, hilo kila mtu alilijua, kwa hiyo tangazo liliwataka watu wajikabidhi kwa kosa la kunyimwa karatasi. Walijiandikisha wachache. Mwisho wa mwezi ulipopita, watu wakaanza kukosekana. Mwanamke aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali hakuonekana Jumanne. Chumba chake kilikutwa wazi, pasi bado imechomekwa.

Wiki hiyo akaja mtu wa idara ya wageni, kijana nadhifu mwenye mkoba mwembamba. Alikuwa na barua ya ruhusa kutoka juu, na Mhariri Mkuu aliisoma mara mbili kisha akasema ana maumivu ya kichwa, akaenda kwake. Kijana alimwita Bi Kadi mama. Akasema amesoma habari zake gazetini, akaomba droo ya tai. Alikaa nayo siku tatu. Kadi aliishika kwa ncha za vidole, kwa adabu, lakini Bi Kadi aliona jambo moja: mtu yule hakusoma maana hata moja. Alizigeuza zote, akasoma nyuma, wala hakumwona akinakili jina lolote.

Na Bi Kadi alifanya nini? Alimchemshia chai. Ndiyo, siku zote tatu. Hofu ina adabu zake za kipuuzi, na mtu aliyelelewa kumkaribisha mgeni hawezi kuacha kwa siku moja. Kila mara alitoka na birika, akamwacha peke yake robo saa. Ijumaa kijana akashukuru, akaaga, akasema Jumatatu atarudi kuichukua droo yenyewe.

Jumamosi asubuhi Bi Kadi alikwenda dukani kwa shemeji. Akamkuta mdogo wake anakunja nguo za mumewe kwenye begi. Walikuwa wamepata lori la mizigo litakaloondoka Jumapili adhuhuri. Dereva alikuwa mteja wa zamani, na huko mbali alikuwa na nduguye mwenye shamba. Fundi angekaa huko hadi mambo yapoe. Hakuwa na utani siku ile. Alikuwa anazungusha funguo za saa za wateja, moja baada ya nyingine, ili zisisimame akiwa hayupo.

Bi Kadi aliwaza lile lori, na vizuizi vya barabarani ambako kila gari lilifunguliwa.

“Usiende, shemeji,” alimwambia. “Njiani wanakagua. Hapa wana karatasi moja tu yenye jina lako, nayo iko kwangu. Leo hii naitoa.”

“Una hakika, dada?” mdogo wake aliuliza.

“Kadi zile nazijua mimi. Ikitoka, imetoka.”

Mdogo wake alimwamini. Tangu utotoni hakuwahi kumkuta dada yake anakosea jambo lililoandikwa. Akazitoa nguo begini, akazirudisha kabatini.

Mchana Bi Kadi akajifungia ofisini. Katika mashahidi mia moja na nne, alijua wengi wamekufa, wamehama, au walikuwa wapitaji tu. Waliobaki mjini, aliokutana nao na kusalimiana nao, walikuwa saba. Shemeji, mpishi, mama mmoja mwokaji mikate, na wengine wanne. Alizitoa kadi zao saba, akapiga chapa nyingine saba kwa mashine ileile ya zamani, na mahali pa shahidi akaandika kwamba maana imetoka kitabuni. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini, na aliharibu kadi mbili kabla ya kupata saba safi. Akijua kwamba weupe utamsaliti, alizilowesha kadi mpya kwa chai iliyokolea, akazianika dirishani, akazisugua kingo kwa kidole mpaka zikafanana na nyingine. Zile za zamani akazichoma kwenye sufuria. Aliporudisha droo mahali pake, hata yeye ilimbidi atafute sana ndipo aone kilichobadilika. Usiku alilala usingizi mzuri. Jumapili adhuhuri lori liliondoka bila fundi saa.

Jumatatu kijana alifika saa tatu kamili. Akaiweka droo mezani, akafungua mkoba, akatoa bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na picha, ndogo ndogo, zilizopangwa kwa nambari. Picha za nyuma ya kadi, zote mia moja na nne.

Bi Kadi alizitazama, akakumbuka birika.

Kijana akaanza kulinganisha, kadi na picha, kadi na picha, bila haraka. Kila alipofika kwenye kadi isiyolingana, aliitoa picha yake akaiweka kando. Kazi hiyo ilichukua dakika arobaini, na muda wote huo Bi Kadi alisimama ameshika ukingo wa meza. Mwisho, picha zilizowekwa kando zilikuwa saba.

“Umefanya kazi safi, mama,” alisema kijana, na hakuwa anamdhihaki. “Hizi nyingine tungezunguka nazo mwaka mzima, tunagonga milango ya marehemu. Hatukujua nani bado yupo. Umetuchagulia.”

Akapiga simu palepale, akasoma majina saba na makazi yao. La fundi saa lilikuwa la pili.

Bi Kadi alishuka ngazi za ghorofa tatu akiwa hana kiatu kimoja. Mitaa sita, na yeye si mtu wa kukimbia. Alipofika, mlango wa duka ulikuwa wazi na watu wamekwisha kuondoka. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mumewe, na saa ya mteja iliyofunguliwa ilikuwa mbele yake, vipande vyake vimepangwa juu ya kitambaa.

“Hawakuuliza mtaa,” alisema. “Hawakuuliza jirani. Walikuwa na karatasi fupi, dada, niliiona. Watu saba tu mji mzima. Nani anaweza kuwa amewapa watu saba?”

Bi Kadi angeweza kusema hajui. Alimweleza yote, akiwa amesimama: picha, chai, kadi za kitabuni, na jinsi kila kadi aliyoibadilisha ilivyomwonyesha kijana yule nani wa kumfuata. Hakuficha neno.

Mdogo wake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaushika mlango, akamwomba atoke.