Mwezi wa Bibi Kizee wa Redioni

Nilipoolewa Nshamba nikitokea kwetu Izimbya, nilikabidhiwa kila kitu cha nyumba ile isipokuwa redio. Jembe nilipewa, sufuria nilipewa, hata ufunguo wa stoo ya kahawa mama mkwe aliniachia akienda kanisani. Redio hapana. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma wifi yangu alipokuwa shule ya kati, na mtu wa kuiwasha alikuwa baba mkwe peke yake. Aliiwasha jioni kwa ajili ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Habari za hotuba, za pamba na za vijiji vya ujamaa alizisikiliza huku akitafuna buni zake za kahawa zilizochemshwa, kama ilivyo desturi ya kwetu. Ikifika zamu ya vifo aliacha kutafuna.

Siku za mwanzo nilimwona mtu wa ajabu, mzee mzima anayesubiri misiba kama wengine wanavyosubiri mishahara. Baadaye nikaelewa. Mtu wa kwetu akifia ugenini lazima arudishwe alazwe kibanjani, kwenye migomba ya baba yake, pamoja na wenzake waliotangulia. Kumwacha azikwe na watu baki ni aibu ambayo ukoo haujisamehe. Na simu haikuwapo, barua ilitembea kama inaumwa miguu, kwa hiyo aliyefiwa mbali alikimbilia redio. Jina la marehemu lilisomwa, likafuata jina la baba yake na la kijiji, kisha jamaa wakaombwa wafike kuchukua mwili. Ulipaswa kuwa umekaa pale, unasikiliza.

Mwaka ule mume wangu alikuwa akifundisha Biharamulo, na mimi nilibaki na wakwe. Wifi yangu alikuwa chuo cha ualimu huko Pwani. Alikuwa msichana wa maneno mengi na vichekesho, akiweza kumwiga padri, karani wa ushirika na jirani mlevi katika pumzi moja. Chuoni wakamwingiza kwenye kikundi cha michezo ya kuigiza. Ikatangazwa kwamba kwa mwezi mzima redio ya taifa itatoa sanaa kila jioni baada ya habari: ngonjera, mashairi, ngoma za mikoani, na mchezo mrefu wa kuendelea. Wifi akatuma salamu kupitia kwa askari mmoja aliyekuwa anakuja likizo. Alisema mchezo ule yumo, na mama asikose hata siku moja.

Mama mkwe alimfanya yule askari arudie salamu hizo mbele ya kila aliyepita.

Kabla mwezi haujaanza baba mkwe alivimba mguu, akapelekwa Bukoba. Alilazwa wiki ya kwanza, halafu akawa anakaa Bakoba, mtaa wa pale mjini, kwa binamu yake asiye na redio, ili awe karibu na daktari. Alipokuwa anapandishwa kwenye lori la ushirika alitutazama sote wawili akasema, "Matangazo msiyakose."

"Hatuyakosi, waitu," mama mkwe akajibu, kwa neno letu la heshima.

Shida ilikuwa betri. Miaka ile duka la kijiji lilikuwa na mizani, picha ya kiongozi na muuzaji anayesinzia. Sabuni ilikuja kwa bahati, betri hazikuja kabisa, na redio za majirani zilikuwa zimekwisha kunyamaza. Tulizokuwa nazo zilikuwa zimechoka tangu Kwaresima. Kila asubuhi mama mkwe alizitoa akazilaza juani kwenye mkeka, katikati ya kahawa tuliyoanika, akawa anazigeuza upande huu na huu pamoja na buni. Zikipata joto, jioni redio ilisema kwa muda, halafu sauti ikaanza kuzama.

Jioni ya kwanza tulikaa wawili, mimi nikiwa mkalimani, maana Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha sokoni. Ukaanza mchezo. Bibi kizee mmoja anaambiwa na serikali ahamie kijiji cha ujamaa, penye shule na bomba la maji, naye hataki. Ana makaburi ya watu wake kwenye shamba, hawezi kuyaacha; yapaliliwe na nani? Yule bibi akakohoa kabla ya kusema, akavuta pumzi, akaanza kumsomea makosa yake mjumbe aliyetumwa kumhamisha. Mama mkwe akanishika goti.

"Huyu si mimi?"

Alikuwa yeye hasa. Kikohozi kile, ule mguno wa kujifanya amechoka kumbe anajiandaa kugomba, hata namna ya kulivuta neno "waitu" anapotaka kumchoma mtu kwa heshima. Binti amekwenda hadi Pwani, katikati ya Waswahili, akamchukua mama yake akamweka redioni taifa zima limsikie. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, na nilimpenda siku ile, ingawa kwa kawaida tulikuwa tunavumiliana tu.

Mchezo ulipokwisha, mtangazaji akasema yanafuata matangazo ya vifo. Mwezi ule walikuwa wameyasogeza mbele kuipisha sanaa. Mama mkwe akanyoosha mkono akazima.

"Na matangazo?" nikauliza.

"Betri zikiliwa na vifo vya watu, mwanangu nitamsikia na nini wiki ijayo? Nani wa kwetu anaumwa? Mgonjwa wetu ni mguu, na mguu uko Bakoba."

Sikumlaumu, na hadi leo sijapata neno la kumlaumia. Kila jioni ikawa hivyo. Mchezo, kicheko, halafu kidole chake kwenye kitufe. Mchana kwenye mibuni alikuwa akinisimulia upya mambo niliyomtafsiria mwenyewe, akiongezea ya kwake.

Wiki ya mwisho ilipoanza, alipita mtu wa kijiji cha pili aliyekuwa ametoka Mwanza kwa meli. Alisimama uani, akavua kofia.

"Poleni na msiba."

Tukatazamana. Mama mkwe akauliza msiba gani.

Yule mtu akashika kofia kwa mikono yote miwili. Shangazi yake wifi, dada pekee wa baba mkwe, aliyekuwa akiuza ndizi Mwanza tangu afiwe na mumewe, alikuwa amefariki. Majirani zake walikwenda kutangaza redioni. Limesomwa jina lake, jina la baba yake na la kijiji chetu, jioni mbili mfululizo. Wakasubiri meli ya kwanza, wakasubiri ya pili. Hospitali ikasema haiwezi kuendelea kumweka. Wakamzika kwenye makaburi ya mji.

"Tulidhani mmeshindwa nauli," alisema, na nafikiri alikuwa anatusaidia.

Baba mkwe alirudi akichechemea, habari zikiwa zimemfikia njiani. Hakutaka kusaidiwa kushuka. Aliingia ndani, akakaa chini kwenye nyasi tulizokwisha kutandaza kwa ajili ya waombolezaji, akaitazama redio.

"Ilikuwa inasema nini jioni hizo?"

Ningekuwa mimi ningedanganya. Mama mkwe alipiga magoti mbele yake akasema, "Mchezo wa mtoto wako, waitu. Ukiisha nazima."

Nilitamani agombe, apige hata meza. Alichosema ni kwamba dada yake ndiye aliyemlea mgongoni, basi. Tukafanya matanga yasiyo na kaburi. Watu walikuja wakalala kwetu kama desturi, hakuna aliyeshika jembe, lakini kila aliyefika alitupa macho kibanjani, pale kando ya kaburi la bibi wa marehemu palipokuwa pameachwa kwa ajili yake, akaona majani yamesimama. Redio ilitiwa kwenye gunia ikawekwa darini. Mchezo ulimalizika huko Pwani, na sisi tuko kwenye nyasi.

Wifi alikuja likizo wakati wa senene, wale panzi wa msimu tunaowala. Ya shangazi alikuwa ameambiwa na kaka yake, kwamba habari ilichelewa, hakuambiwa kwa nini. Alilia, akaenda kusimama pale kibanjani, akarudi akanawa uso. Jioni tumekaa sote tunanyonyoa senene, akashindwa kujizuia.

"Mama, mlinisikia?"

Mimi niliinamia ungo. Mama mkwe akaendelea kung'oa mabawa.

"Hatukukusikia, mwanangu. Betri zilikuwa zimekufa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Wifi akamgeukia baba yake. Alikuwa na haki ya kusema, yule mzee. Ndiye aliyepoteza. Angesema neno moja tu, na binti yake angebeba kaburi la Mwanza maisha yake yote.

"Ni kweli," alisema baba mkwe. "Betri hazikuwapo dukani."

Wifi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeumia. Halafu, kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri, akasema si kitu, atatuonyesha. Akasimama, akakohoa, akavuta pumzi, akaanza kumsomea mjumbe, akiweka Kihaya pale palipokuwa na Kiswahili. Mama mkwe alimtazama kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza. Alichelewa kucheka pale pa kucheka, kwa makusudi. Mimi nilijua mpaka neno litakalofuata.

"Na mwisho wake?" mama mkwe akauliza. Hilo tu ndilo alilokuwa halijui.

"Anahama, mama. Anaambiwa wafu hawana haja naye, wenye haja ni walio hai. Anafunga mizigo, anayaacha makaburi."

Baba mkwe aliinuka akatoka nje. Wifi akaniuliza kwa macho kama amekosea. Nikatikisa kichwa.

Mwaka uliofuata kikundi kilimwita tena, kwa mchezo mwingine. Alikataa. Alimwambia kaka yake kwamba alikuwa anaigiza ili mama yake asikie, na kama sauti haifiki Nshamba, heri ashike chaki. Akashika chaki mpaka anastaafu. Mume wangu alipotuletea maneno hayo, mama mkwe alikuwa anamenya ndizi za mchana. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba maji ya kuoshea ndizi, akaendelea kumenya, na machozi yalimtiririka bila yeye kuyafuta, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na utomvu.