Mashine Hii ni ya Gitaa

Hapa Ifakara mimi ndiye niliyeleta ile mashine ya kukanyaga, na nilijisifia kupita kiasi. Unaiweka sakafuni, unaikanyaga, unapiga gitaa kidogo. Inaidaka ile sauti na kuanza kuirudia, nawe unaongeza nyingine juu yake papo hapo, mpaka mtu mmoja anasikika kama bendi. Kwenye harusi watu walinishika mkono: "Mwalimu, vidole vyako ni balaa." Kwa kuwa gitaa lilikuwa kifuani, hakuna aliyeuliza sauti nyingine zinatoka wapi. Ikajulikana ni mashine ya gitaa, basi. Nami sikumsahihisha mtu.

Mdogo wangu wa tumbo moja analima mpunga kule Idete. Gitaa hajui hata kulishika. Siku moja aliiazima ile mashine, akachomeka maiki, akapepeta mchele kwenye ungo mbele yake. Mashine ikadaka. Akaongeza mchi kwenye kinu, halafu sauti yake nzito, halafu nyembamba. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza mpaka chai yangu ikapoa. Niseme ukweli: roho iliniuma. Miaka yote ile sikuwahi kutoa kitu kama kile.

Mwaka jana parokia ikatafuta mwalimu wa muziki wa watoto. Mshahara mdogo, ila ungemtoa kwenye majaruba, maana mgongo ulishaanza kumsumbua. "Kaka, nikipata hii nimepona," aliniambia. Waombaji wangeimba ukumbini baada ya misa, na sharti lilikuwa moja: hakuna pleibeki, yaani sauti iliyorekodiwa kabla. Mimi kama ndugu yake sikupewa kura kwenye kamati. Kazi yangu ilikuwa kuangalia vyombo.

Sasa, huku kwetu kuna namna ya kumkamata anayeimba kwa pleibeki, na kila mtu anaijua: unamnyang'anya maiki. Sauti ikiendelea, ameumbuka. Nimewafanyia hivyo watu kwenye sherehe kadhaa, nikijiona mjanja.

Mdogo wangu alipoanza, na ungo, kinu na ile mashine aliyoniazima tena, akina mama waliinuka kucheza. Kisha akafunga mdomo kidogo kumeza mate, na sauti yake ikaendelea. Mtu wa nyuma akasema, "CD hiyo." Minong'ono ikaenea. Mwenyekiti wa kamati akaniita: "Mwalimu, hebu kaangalie."

Nikaenda. Mdogo wangu akatabasamu, akanipa maiki mwenyewe, akijua nimekuja kuwaeleza watu. Maiki ikawa mkononi mwangu na sauti yake bado inaimba. Ukumbi ukaguna.

"Hiyo si ndiyo ile mashine yako?" mwenyekiti akauliza. "Kumbe inaimba?"

Ningeweza kusema, inaimba alichoimba yeye sasa hivi, mbele yenu. Maneno yenyewe nilikuwa nayo. Lakini niliwaona wale akina mama waliosimama, ambao kwangu hawajawahi kusimama. Nikasema kwenye maiki, "Mashine hii ni ya gitaa."

Wakazomea. Katikati ya zomeazomea hiyo nikasikia kitu nisichokitarajia. Mashine inaendelea kudaka mpaka uikanyage tena, naye alikuwa hajaikanyaga. Ungo ukapita, kinu kikapita, na juu ya sauti yake ikaja yangu, safi kabisa: "Mashine hii ni ya gitaa."

Watu wawili watatu wa mbele wakaacha kuzomea, wakatazamana. Ingezunguka mara moja zaidi, ukumbi mzima ungesikia na kuelewa kwamba inadaka kinachosemwa pale pale. Angepata kazi yake. Na mimi ningeumbuka mbele ya parokia nzima.

Akanitazama usoni. Sijui aliona nini huko, ila najua nilikuwa namwomba. Akaikanyaga mpaka ikazimika.

Kazi alipewa kijana mwenye gitaa. Jioni mdogo wangu alinirudishia mashine, ameifunga vizuri kwenye kanga. "Shika, kaka. Asante," akasema, akapanda bodaboda kurudi Idete. Samahani ilikuwa mdomoni, nikaimeza. Mpaka leo sijaitoa.

Bado anakuja mjini kuuza mchele, na hapiti bila kunisalimia. "Shikamoo, kaka," anasema, mkono mmoja kiunoni kwa sababu ya mgongo. Nami, bila haya, naitikia marahaba.