Tangazo Alilolikata Bi Mkasi

Mtaa mzima ulimwita Bi Mkasi, na hakuna aliyejisumbua kueleza kama ni kwa sababu ya kazi yake au ya ulimi wake. Alikuwa fundi cherehani wa kona, mjane, na kwa miaka thelathini na mmoja sare za shule, magauni ya harusi na mapazia ya ofisi vilipita chini ya sindano yake. Mteja akilalamika kuwa gauni linambana, alijibiwa, "Usininunie mimi, mwanangu. Nguo haikuniambia kuwa umenenepa."

Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango, aliishi shoga yake, nesi mstaafu. Nusu ya vijana wa mtaa ule walipokelewa duniani na mikono yake, naye hakuacha kuwakumbusha, hasa wakimpita bila kumwamkia. Alipostaafu, watu walimshikilia agombee udiwani. Mfereji wa maji machafu ulikuwa unafurika kila mvua, na diwani aliyekuwepo aliujua kwa kuusikia tu. Nesi akakubali. Bi Mkasi akamshonea gauni la kampeni, la bluu, lenye mifuko miwili mikubwa, maana mgombea hakosi vikaratasi.

Wiki tatu kabla ya uchaguzi, orodha za wapiga kura zikabandikwa shuleni. Bi Mkasi alipitisha kidole kutoka juu hadi chini, akarudia, jina lake hakuliona.

"Mama, wewe sasa uko kata ya pili," karani alimwambia. "Mpaka mpya umepita katikati ya barabara yenu."

"Umepita lini, nami nakaa mlangoni kutwa?"

Karani akacheka, lakini jambo halikuwa la kucheka. Upande wa nesi ulikuwa umeunganishwa na majumba ya kuta ndefu kule juu kilimani. Upande wa Bi Mkasi ukasukumwa ng'ambo ya reli, kwenye viwanda. Mtaa uliokuwa na sauti moja ukagawanywa vipande viwili, kila kipande kikamezwa na watu wasiowajua. Nesi alishindwa kwa kura mia nne na kidogo. Wengi wa waliomjua walikuwa upande wa pili wa barabara, wakimpungia mkono.

Baada ya uchaguzi, kinyozi wa mtaa aliitisha kikao kwenye kibanda chake. "Tumekatwa kama nyama buchani, na wengi wetu hata hatujui," alisema. "Tuwaeleweshe watu kwanza, kisha tukaonane na wakubwa." Shida ilikuwa ramani. Ile ya serikali ilikuwa na mistari myembamba kama unywele, na kila aliyeonyeshwa alitikisa kichwa kwa adabu, asielewe kitu.

"Nitaishona," Bi Mkasi akasema.

Alikuwa akitafuta chaki kwenye sanduku la vielelezo, zile karatasi za kukatia nguo, alipokutana na kielelezo cha kola. Karatasi ngumu, nyeupe mgongoni. Akaigeuza. Mbele kulikuwa na maandishi madogo yaliyokatika pembeni: *mapingamizi yapokelewe ndani ya siku sitini*.

Hapo akamkumbuka tarishi wa serikali. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, sare arobaini mezani. Kijana wa watu alileta karatasi kubwa akasema, "Mama, ibandike hapa, watu wengi wanapita." Yeye akatia sahihi kwenye daftari bila hata kutoa pini midomoni. Jioni ile ile alihitaji karatasi ngumu.

Aliketi kitambo kirefu, mguu juu ya kanyagio la cherehani, bila kukanyaga. Kisha akairudisha kola sandukuni, akaanza kushona ramani.

Alishona shuka mbili pamoja, kijani upande huu, nyekundu upande ule, nyumba zote kwa uzi mweusi. Jumamosi nne mfululizo waliitundika kwenye kamba ya nguo, na watu wakamiminika kutafuta nyumba zao. Fundi baiskeli alisimama mbele yake mdomo wazi. "Ina maana nikilala niko kwa diwani huyu, nikivuka barabara kwenda msalani niko kwa yule?" Watu wakavunjika mbavu, wakatia sahihi barua ya kuupinga mpaka. Sahihi elfu moja na mia moja. Kamati ya kinyozi ilimsifu Bi Mkasi kwa bidii yake, naye kila sifa ilimchoma kama sindano chini ya kucha.

Walikwenda watatu kwenye ofisi ya mipaka: kinyozi, nesi na yeye. Ofisa aliwasikiliza kwa upole, kisha akafungua faili.

"Muda wa pingamizi ulipita, wazee wangu. Mpaka huu utakaa hadi mapitio yajayo, miaka saba. Mtaa wenu ulipewa tangazo. Mtu alilipokea, akatia sahihi."

"Nani huyo?" kinyozi akaruka. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

Ofisa alisukuma daftari mbele. Nesi ndiye aliyekuwa karibu. Akavaa miwani, akasoma, akalifunga taratibu.

"Jina halisomeki," akasema. "Twendeni nyumbani."

Bi Mkasi alimfuata hadi mlangoni kwake. "Shoga, ile sahihi..."

"Niliisoma."

"Nililikata lile tangazo. Sikulisoma, nikalikata kola. Nimejua tangu siku nilipoanza ile ramani."

Nesi alikaa kwenye ngazi, akavua viatu. "Mficha uchi hazai, nimewaambia hivyo wanawake wangapi wodini? Ungeniambia siku ile ile, ningekasirika, tungekunywa chai, yakaisha. Kulikata ni bahati mbaya. Kunitazama mwezi mzima ukinyamaza, hilo ndilo linaloniuma."

Kikao kilichofuata Bi Mkasi alisimama akaieleza kamati mwenyewe. Kinyozi alitoka nje. Hakuna aliyemtukana, na angependa wamtukane.

Nesi hakuacha kumsalimia. Ila zile salamu za kupaziana sauti juu ya barabara zikafupika, zikawa za mkono tu. Mwaka wa tatu miguu yake ilivimba, binti yake akaja kumchukua akaishi naye mji mwingine. Waliagana kwa kukumbatiana, na Bi Mkasi akamwambia, "Utarudi, dada yangu." Nesi akasema inshallah.

Mapitio yalipokuja, mtaa ulikuwa tayari. Pingamizi lilipelekwa wiki ya kwanza, na barabara ikarudishwa kwenye kata moja. Uchaguzi uliofuata ulimleta diwani kijana, mwenye adabu, akauzibua ule mfereji.

Bi Mkasi alipiga simu kumweleza shoga yake. Binti ndiye aliyepokea. Mama amelala, alisema. Siku hizi anasahau watu, lakini nitamwambia. Bi Mkasi akasema ahsante, mwanangu, mwambie ni jirani yake, wa mlango wa mbele.